Kabla ya kuchapa lebo: jinsi ya kupekua alama za biashara kwenye kanzidata

Wajasiriamali wengi hufanya upekuzi wa jina kwa namna moja. Wanaandika jina lenyewe kwenye kisanduku cha kutafutia, wanaona "hakuna matokeo", wanapeleka kazi kwa mchapaji. Miezi kadhaa baadaye maombi yanakataliwa, au inaingia barua ya wakili, kwa sababu ya alama ambayo tahajia yake ni nyingine kabisa ila ukiitamka inafanana na yako. Msajili na mahakama hupima kama mnunuzi wa kawaida anaweza kuchanganya bidhaa mbili. Kanzidata inalinganisha herufi tu. Upekuzi mzuri ni kuilazimisha kanzidata isikie na ione kama mnunuzi.

Nitatumia mfano mmoja mwongozo mzima. Tuseme una karakana ya kukaanga kahawa Dar es Salaam na unataka kahawa yako iitwe KIFARU, yenye mchoro wa faru mwenyewe kwenye mfuko. Unauza Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya. Una ndugu Muscat na mteja Marekani, kwa hiyo huko nako kuna siku utafika.

Hatua ya 1: Andika kwenye karatasi kabla ya kugusa kompyuta

Kwanza, tenga sehemu ya jina yenye nguvu. Katika "Kifaru Kahawa Safi", maneno "kahawa" na "safi" hayambebi mtu. Kila muuza kahawa ana haki ya kuyatumia. Kinachotafutwa ni KIFARU. Ukiingiza jina zima kwenye kanzidata utakosa karibu kila kitu cha maana, kwa sababu mwenzako anaweza kuwa amesajili "Kifaru Coffee Roasters" au "Mzee Kifaru".

Pili, bidhaa. Nchi nyingi, zikiwemo zetu, hutumia Uainishaji wa Nice wenye madaraja 45: 1 hadi 34 ni bidhaa, 35 hadi 45 ni huduma. Kahawa iliyokaangwa, chai, viungo, unga na sukari viko daraja la 30. Usiishie hapo. Mnunuzi hajui madaraja. Anajua kwamba anayeuza kahawa anaweza pia kuuza juisi, maziwa au kufungua mgahawa. Kwa hiyo orodha ya Kifaru iwe hivi: 30 ndilo kuu, 29 kwa maziwa na vyakula vilivyosindikwa, 31 kwa mazao ghafi, 32 kwa vinywaji visivyo na kilevi, 35 kwa maduka na 43 kwa migahawa yawe ya jirani. Madaraja ya jirani ndiko ajali nyingi zinakotokea, maana watu hawayafungui.

Tatu, nchi. Jumuiya ya Afrika Mashariki haina daftari moja la alama za biashara, basi kila nchi inapekuliwa peke yake. Bara ni BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Zanzibar ina sheria yake na daftari lake chini ya BPRA, na usajili wa Bara hauvuki maji. Wafanyabiashara wa karafuu na sabuni wanalijua hili vizuri kuliko wengi wa Kariakoo. Kenya ni KIPI, Uganda ni URSB.

Juu ya madaftari hayo kuna njia mbili ambazo alama ya mgeni inaweza kupitia bila wewe kuiona kwenye daftari la nchi. Moja ni Itifaki ya Banjul inayosimamiwa na ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika, kutoka Harare: mwombaji anawasilisha ombi moja na kuteua nchi wanachama, zikiwemo Tanzania na Uganda. Nyingine ni Mfumo wa Madrid unaosimamiwa na WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, ambao nao humruhusu mwombaji kuteua nchi nyingi kwa ombi moja. Kenya imo tangu 1998, Oman tangu 2007, Rwanda tangu 2013, na Umoja wa Falme za Kiarabu uliingia mwishoni mwa 2021. Kampuni ya Ufaransa iliyoteua Kenya kupitia Madrid ina haki zake Kenya hata kama haijawahi kukanyaga Nairobi. Ukipekua daftari la nchi peke yake umepekua nusu.

Hatua ya 2: Tengeneza orodha ya vivuli vya jina

Hapa ndipo mtu anayekijua Kiswahili ana faida kubwa kuliko programu yoyote, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi.

Anza na sauti. Chukua jina silabi kwa silabi na ujiulize kila sauti inaweza kuandikwa vipi na mtu anayetaka kuonekana wa kisasa, au mgeni aliyelisikia tu. Sauti ya K huandikwa pia C au Q. I inaweza kuwa Y au EE. F inaweza kuwa PH, na sikio lisilo makini huipokea kama V. R na L hubadilishana kwa wasemaji wengi wa kwetu, na mnunuzi dukani hatamki kama mtangazaji wa redio. U ya mwisho inaandikwa OO au OU. Kutoka hapo unapata KIPHARU, KEEFARU, QIFARU, KIFALU, KYFAROO na wenzao.

Kwa majina mengine zipo jozi nyingine za kukumbuka: S na Z na TH, DH na Z, SH na X, J na DJ, KH na H, GH na G, KS na X. Jina lenye asili ya Kiarabu, mfano la manukato au la udi, linaweza kuwa na tahajia tano halali kabla hata ya mtu kuanza kubuni.

Kisha umbo la neno. Kiswahili hubeba viambishi, na alama ya biashara inaweza kuwa imevua au kuvaa kimoja: FARU ni mnyama yule yule, na Watanzania waliofuatilia habari za Faru John na Faru Fausta wa Ngorongoro hawatafikiri mara mbili wakisikia Kahawa ya Faru karibu na Kahawa ya Kifaru. Weka FARU, VIFARU, na jina lililoandikwa kwa nafasi au kistari: KI-FARU.

Mwisho, maana. RHINO na RHINOCEROS lazima ziwemo, kwa sababu mnunuzi wa Nairobi au Arusha anazijua lugha zote mbili, na mfuko wenye picha ya faru ulioandikwa Rhino Coffee unatamba kwenye rafu moja na wako. Kwa Oman ongeza neno la Kiarabu, karkadan, kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu pia. Marekani wana kanuni ya kutafsiri alama za lugha za kigeni kabla ya kuzilinganisha, kwa hiyo kujificha nyuma ya Kiswahili hakukusaidii huko.

Orodha iishie majina kumi na tano hadi ishirini na tano. Ikizidi hapo unajitafutia kelele.

Hatua ya 3: Geuza orodha iwe maswali ya kanzidata

Kila kanzidata ina lugha yake, ila vifaa vyake ni vya aina moja. Soma ukurasa wa msaada kwanza, kwa sababu alama ile ile inaweza kuwa na kazi tofauti kwenye mfumo mwingine.

Alama ya nyota inasimama badala ya herufi zozote, ziwe nyingi au sifuri. Swali la faru* litaleta maneno yanayoanza na faru tu. Swali la *faru* litaleta faru, kifaru, vifaru na kilichofungwa katikati ya neno refu. Nyota ya mbele ndiyo inayosahaulika, wakati kwa Kiswahili ndiyo muhimu zaidi, maana viambishi vyetu vinakaa mwanzoni. Alama ya kuuliza husimama badala ya herufi moja tu: kifa?u inakamata kifaru na kifalu kwa mkupuo.

AND, OR na NOT zinaunganisha masharti. Mabano yanaamua kipi kifanyike kwanza, na watu huyapuuza kwa gharama yao. Swali la kifaru OR rhino AND 30 linaweza kusomwa na mfumo kama "kifaru popote, au rhino katika daraja la 30", jambo ambalo hukulikusudia. Andika (kifaru OR rhino) AND 30. Kuhusu NOT, nakushauri uiogope. Ukiandika NOT cement ili kuondoa saruji, umetupa pia kampuni iliyosajili saruji na kahawa katika ombi moja.

Utafutaji wa ukaribu huandikwa kwa wimbi: kifaru~1 hurudisha maneno yanayotofautiana na lako kwa herufi moja, ~2 kwa herufi mbili. Unafaa kwa maneno marefu. Kwa neno fupi kama faru, ~2 italeta nusu ya kamusi.

Kifaa chenye nguvu kuliko vyote ni ruwaza, yaani mstari mmoja wa alama unaoeleza tahajia nyingi kwa mkupuo, na kanzidata ya ofisi ya Marekani, USPTO, inaikubali. Mfumo wao wa zamani, TESS, ulizimwa Novemba 30, 2023, na wa sasa unakuruhusu kuandika masharti kwa vitambulisho vya sehemu. CM ni maneno ya alama pamoja na tafsiri yake, IC ni daraja, CC ni daraja pamoja na madaraja ambayo ofisi yenyewe inayaona ni jirani, GS ni maelezo ya bidhaa, ON ni mmiliki, na LD inatenganisha alama hai na zilizokufa. Ruwaza inakaa kati ya mikwaju miwili. Orodha yetu yote ya sauti inaingia kwenye mstari mmoja:

CM:/.*[kcq][iye]+(f|ph|v)a+[rl](u|oo|ou).*/ AND CC:030 AND LD:true

Isome polepole. Mabano ya mraba yanasema "mojawapo ya herufi hizi", alama ya kujumlisha inasema "mara moja au zaidi", mstari wima unasema "au", na nukta yenye nyota pande zote inaruhusu neno liwe na mwanzo au mwisho wowote. Ukiishaizoea utaandika ruwaza ya jina lolote kwa dakika chache. Baada ya hapo endesha swali la maana:

CM:(rhino* OR faru OR karkadan) AND GS:(coffee OR tea) AND LD:true

Ukitumia CM, alama ya Kiswahili iliyosajiliwa ikiwa na maelezo kwamba inamaanisha rhinoceros itajitokeza pia.

Kanzidata ya kimataifa ya WIPO, Global Brand Database, haikudai uandike misimbo hii yote. Ina sehemu za kujaza na vichujio vya nchi, daraja, hali na tarehe, na unaweza kuchagua utafutaji wa kufanana kwa sauti. Sauti hizo zimetungwa zaidi kwa masikio ya Ulaya, kwa hiyo usiziachie kazi ya r na l. Kabla ya kuamini matokeo fungua orodha ya ofisi zilizomo uone nchi unayoitaka imo na takwimu zake zilisasishwa lini mara ya mwisho. Kwa alama za Madrid tumia Madrid Monitor, kisha chuja kwa nchi iliyoteuliwa: KE kwa Kenya, RW kwa Rwanda, OM kwa Oman. ARIPO ina daftari lake la mtandaoni, na msimbo wake kwenye mifumo ya kimataifa ni AP.

Kwa madaftari ya nyumbani, vifaa vya mtandaoni ni vichache. Hapo hakuna ujanja: ingiza vivuli kimoja kimoja, ukianza na vipande vifupi kama "faru", na urekodi kila kimoja hata kama hakikuleta kitu. Kisha omba upekuzi rasmi wa ofisi yenyewe. KIPI wana fomu ya TM 27 kwa kazi hiyo. BRELA hupokea maombi kupitia mfumo wao wa usajili mtandaoni. Majibu ya ofisi hayamfungi Msajili asibadili mawazo baadaye, lakini anayepekua anaona daftari lote, pamoja na maombi ambayo bado hayajachapishwa kwako.

Hatua ya 4: Tafuta mchoro

Alama yenye picha huainishwa kwa Uainishaji wa Vienna, wenye makundi 29 kuanzia maumbo ya angani hadi rangi. Kundi la 3 ni wanyama, na ndani yake 3.2 linabeba wanyama wakubwa wa miguu minne kama tembo na faru. Kundi la 6.1 ni milima, ambalo kila mwenye Kilimanjaro kwenye lebo anapaswa kulipekua, na 18.3 ni vyombo vya majini, pamoja na majahazi. Unganisha msimbo wa mchoro na daraja: 3.2 pamoja na 30, nchi moja moja. Marekani hawatumii Vienna. Wana misimbo yao ya michoro inayofanana nayo kwa mpangilio, na kitambulisho chake ni DC.

Kanzidata ya WIPO inakuruhusu pia kupakia picha yenyewe ili mfumo utafute zinazofanana. Pakia mchoro mara mbili: mara moja ukiwa na rangi na maandishi, mara ya pili mweusi na mweupe bila maandishi. Ukipakia lebo nzima, mfumo unaweza kushughulika na duara na fremu ukamwacha mnyama.

Hatua ya 5: Pekua nje ya madaftari

Alama isiyosajiliwa inaweza kukuangusha vilevile. Katika nchi zetu zilizorithi sheria ya Uingereza, mtu aliyejenga jina sokoni anaweza kushtaki anayeuza bidhaa kana kwamba ni zake. Pita Instagram, masoko ya mtandaoni, Google Play, daftari la kampuni na majina ya biashara, na majina ya tovuti ya .tz na .ke. Pita pia madukani. Jina la kampuni lililosajiliwa BRELA si alama ya biashara, na cheti cha kampuni hakikupi haki ya jina kwenye mfuko. Hilo huwa linasababisha ugomvi wa bure kila mwaka.

Hatua ya 6: Soma kila rekodi mpaka chini

Kwa kila alama iliyokaribia, rekodi namba, tarehe ya kuwasilisha, mmiliki, daraja, maelezo kamili ya bidhaa, nchi na hali. Wengi huishia kwenye jina. Kelele za 2018 kuhusu Disney na "Hakuna Matata" zilitokana na hilo: watu waliambiwa msemo umechukuliwa, wakati rekodi ilikuwa ya Marekani, ombi la 1994 lililosajiliwa 2003, kwa fulana. Unaweza kuchukizwa na usajili huo, na mimi sioni raha nao, lakini haukumzuia mtu wa Mombasa kusema wala kuimba.

Kwa mfano wetu, jina Kifaru linatumiwa na kampuni ya Marekani inayouza mabegi na mahema ya wawindaji. Mabegi na kahawa viko mbali, kwa hiyo hilo pekee halikufungii mlango wa Marekani. Ila mtu anayetaka kuuza fulana na mabegi yenye jina la kahawa yake ajue kuna mwenyeji.

Angalia hali kwa makini. Alama iliyokwisha muda kwa kutolipiwa ada inaweza kurejeshwa, na mmiliki wake anaweza kuwa bado anauza. Kwa upande mwingine, alama hai isiyotumika inaweza kuombewa kufutwa: Tanzania kipindi cha kutotumika ni miaka 3, Kenya ni 5. Kama kikwazo chako ni alama ya kampuni iliyofunga zamani, hiyo ni njia ya kuzungumza na wakili. Ukikuta jina linalotajwa na kila mtu, kama la kinywaji maarufu, usijifariji kwa tofauti ya daraja; alama zinazojulikana sana zina kinga pana zaidi, Kenya kupitia kifungu cha 15A cha sheria yao.

Hatua ya 7: Pima, kisha andika uamuzi

Kipimo ambacho bado kinanukuliwa katika nchi zinazofuata sheria ya Uingereza kinatoka kwenye shauri la Pianotist la 1906: yachukue maneno mawili, yapime kwa mwonekano na kwa sauti, fikiria bidhaa, aina ya mnunuzi na mazingira yote ya uuzaji, kisha ujiulize kama watachanganyikiwa. Kahawa ya mfuko mdogo hununuliwa haraka, mara nyingi kwa kutaja jina tu dukani, kwa hiyo sauti ina uzito mkubwa. Mashine ya kukaangia kahawa ya mamilioni hununuliwa baada ya wiki za mazungumzo, na mnunuzi wake hachanganyi kirahisi.

Kwenye jedwali la Excel weka rangi. Nyekundu: jina linalosikika au kumaanisha sawa, daraja lile lile au la jirani, nchi ile ile, hai. Njano: kufanana kwa sehemu, au daraja la mbali kidogo, au alama inayoonekana kulala. Kijani: zilizobaki. "Faru Tea" hai katika daraja la 30 Tanzania ingekuwa nyekundu kwangu bila mjadala. "Rhino" ya rangi za nyumba Kenya ni kijani. Njano ndizo unazompelekea wakili wa miliki bunifu, ukiwa na rekodi mkononi, na ada yake itakuwa ndogo kuliko ungempa kazi nzima tangu mwanzo. Ukipata nyekundu mbili, badilisha jina. Ushauri huu hauwafurahishi wanaolipenda jina lao, lakini jina ambalo halijachapwa halina gharama.

Hifadhi kila swali kama ulivyoliandika, kanzidata, tarehe, vichujio na idadi ya matokeo, na nakala ya skrini. Siku ukiulizwa kama ulikuwa na nia njema, hicho ndicho utakachoonyesha.

Hatua ya 8: Rudia kabla ya kuwasilisha, na endelea kuangalia baada yake

Upekuzi unachakaa haraka. Chini ya Mkataba wa Paris wa kulinda miliki ya viwandani, aliyewasilisha ombi katika nchi moja mwanachama ana miezi 6 ya kuwasilisha kwingine huku akidai tarehe ile ya kwanza. Maana yake ni kwamba leo daftari la Tanzania linaweza kuwa tupu, na mwezi ujao likaingia ombi lenye tarehe inayotangulia yako. Hakuna swali la kanzidata linaloondoa hatari hiyo kabisa. Unaipunguza kwa kupekua pia nchi wanakotoka washindani wako, na kwa kurudia maswali yako yaliyohifadhiwa siku ile ile unapowasilisha.

Ombi lako likishachapishwa kwenye jarida, wengine wana siku 60 za kuweka pingamizi, Tanzania na Kenya pia. Nawe una siku hizo hizo dhidi ya wanaokuja nyuma yako. Chukua ruwaza na orodha yako ya vivuli, endesha kila toleo jipya la jarida linapotoka, na uanze na *faru*.